Vijidudu vinavyokula mwani wa bahari

Mama anapotaka kupika togwa au pombe ya mtama, hatumii unga peke yake. Kwanza hulowesha nafaka, huifunika mahali penye unyevu, huiacha ichipue, kisha huianika juani na kuisaga. Hicho ndicho kimea. Kimea kikitiwa katika uji mzito wenye vuguvugu, baada ya muda uji hulainika na kuwa mwepesi. Tena huwa mtamu, ingawa hakuna mtu aliyetia sukari. Utamu huo umetoka wapi?

Liko jaribio jingine lililo rahisi zaidi. Twaa kipande cha muhogo uliopikwa, au tonge dogo la ugali, ukitafune polepole wala usikimeze. Hesabu mpaka mia mbili. Utaona kwamba kinywa kinaonja utamu kidogo. Muhogo ni uleule, wala hukuongeza kitu ila mate yako.

Wanga wa mtama na wa muhogo umeumbwa kwa sukari. Lakini sukari hizo hazikai mbalimbali. Zimeshikamana moja na moja, mamia na maelfu, kama ushanga uliotungwa katika uzi. Ulimi hauonji utamu wa ushanga mrefu namna hiyo. Uzi ukikatwa vipande vidogo, hapo utamu hutokea. Basi, katika kimea na katika mate kuna kitu kinachokata uzi, nacho huitwa kimeng'enya. Kimeng'enya si mdudu, wala hakina uhai. Ni kitu kidogo sana kinachotengenezwa na viumbe vyenye uhai. Nacho hakiishi kwa kazi yake kama kuni zinavyoisha motoni: kikimaliza kukata mahali pamoja, hutoka kizima kikaenda kukata pengine.

Kila kimeng'enya kina kazi yake. Mwaka 1894 mjuzi mmoja Mjerumani, Emil Fischer, alikifananisha na ufunguo. Ufunguo wa sanduku la mwalimu haufungui mlango wa kanisa. Vivyo hivyo kimeng'enya cha mate hufungua wanga, lakini hakifungui majani makavu wala mti. Ndiyo sababu mtu hawezi kushiba majani ya malishoni. Ng'ombe mwenyewe hana ufunguo wa majani. Ila ndani ya tumbo lake kubwa mnakaa vijidudu vingi mno, navyo ndivyo vinavyomfungulia. Mchwa pia husaidiwa namna hiyo. Wale wanaojenga vichuguu vikubwa katika nchi yetu hulima uyoga ndani ya kichuguu, na uyoga huwalainishia miti waliyoiguguna.

Hayo ni mambo ya nchi kavu. Baharini nako kuna majani.

Wanafunzi wengi wa Kongo hawajaona bahari. Nchi yetu inaigusa mahali padogo tu, upande wa magharibi, karibu na Banana na Muanda, kama kilometa 40 hivi. Lakini mtu aliyekanyaga mawe ya pwani ya Tanganyika anajua utelezi wa kijani ulio juu yake. Katika bahari mna mimea ya jamaa ya utelezi huo, ila mingi ni mikubwa. Watu wa pwani huiita mwani. Mwingine ni wa kijani, mwembamba kama karatasi. Mwingine ni mwekundu. Mwingine ni wa rangi ya udongo, na wa namna moja huota mrefu kupita meta 40, kupita miti mingi ya msituni. Mwani hauna mizizi ya kunyonya udongo. Hushika jiwe kwa nguvu, na chakula chake huchukua katika maji na katika nuru ya jua. (Iyodi, ile inayotiwa katika chumvi ili watu wasiote rovu shingoni, iligunduliwa mwaka 1811 katika majivu ya mwani.)

Mawimbi huupiga mwani mchana na usiku. Kama ungekuwa mgumu kama mti, ungevunjika. Mwumba ameupa mwili unaopindika, wenye ute mzito ndani ya kuta zake. Ute huo nao ni ushanga wa sukari, lakini si sukari za muhogo. Katika mwani mwekundu uko ule uitwao agari na ule uitwao karagini. Katika mwani wa rangi ya udongo uko aljini. Katika mwani wa kijani uko ulvani. Tena, juu ya nyingi za sukari hizo pamebandikwa chembe zenye kiberiti, yaani salfa, kama kufuli ya pili juu ya mlango. Mimea ya nchi kavu haina desturi hiyo. Kwa hiyo mate ya mtu hayawezi kitu juu ya mwani. Hata tumbo la mtu halina ufunguo wake.

Ajabu ni kwamba watu wenye elimu walianza kupenda agari kwa sababu hiyo hasa, kwamba haikuwa na wa kuila.

Mwaka 1881 huko Berlin, Ujerumani, daktari Robert Koch alikuwa akitafuta vijidudu vinavyoleta magonjwa. Siku zile kifua kikuu kiliua watu wengi sana katika Ulaya, wala hakuna aliyejua asili yake. Ili kukijua kijidudu, lazima kukiotesha mahali peke yake, kama mkulima anavyootesha mbegu za namna moja katika bustani yake. Koch alitumia vipande vya viazi, kisha akatumia gelatini, ambayo hutokana na mifupa na ngozi za wanyama zilizochemshwa. Lakini gelatini ilikuwa na taabu mbili. Joto likizidi, iliyeyuka kama mafuta. Tena vijidudu vingine vilikuwa na kimeng'enya cha kuikata, navyo viliigeuza kuwa maji. Bustani ikaharibika, na vijidudu vyote vikachanganyika.

Katika chumba hicho alifanya kazi daktari mwingine, Walther Hesse. Mke wake, Fanny Hesse, alimsaidia kwa kuchora mambo yaliyoonekana katika hadubini. Fanny alikuwa pia mpishi mwema. Mume wake alipolalamika juu ya gelatini, alimwuliza mke wake mbona vyakula vyake vitamu vilivyogandishwa haviyeyuki siku za joto. Mama huyo alitumia agari. Alikuwa ameisikia zamani kwa rafiki aliyewahi kuishi katika kisiwa cha Java, mahali ambapo watu hupikia agari tangu zamani. Agari ikisha kuganda, haiyeyuki tena mpaka ifike karibu na joto la maji yanayochemka. Nao vijidudu vya magonjwa haviwezi kuila.

Hesse akampasha Koch habari hiyo. Tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1882 Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Katika maandishi yake aliitaja agari kwa maneno machache tu, wala hakulitaja jina la mama aliyeileta kutoka jikoni kwake. Haikuwa haki. Hata leo, katika hospitali yenye chumba cha uchunguzi, vijidudu huoteshwa katika visahani vyenye agari, na wagonjwa wengi wamepona kwa sababu ugonjwa wao ulijulikana humo.

Hivyo agari ilikuwa kama meza ambayo wageni hukaa juu yake wakala, bila kuila meza yenyewe. Ikawa hivyo mpaka mwaka 1902. Mwaka huo mjuzi wa Norwei, Haaken Hasberg Gran, aliandika habari za kijidudu alichokitoa katika bahari ya kwao. Kijidudu hiki, kikiwekwa juu ya agari, hakikukaa juu kama vingine. Mahali kilipoota palibonyea, kisha palikuwa maji. Kilikuwa kinaila meza! Gran alifahamu kwamba hapo pana kimeng'enya kipya, akakipa jina. Siku hizi vimeng'enya vya namna hiyo huitwa agarazi.

Tukifikiri vema, lazima iwe hivyo. Kila mwaka mwani mwingi hukatwa na mawimbi, au huzeeka, ukafa. Kama hakuna kiumbe chenye ufunguo wake, mwani wote uliokufa tangu zamani ungekuwa umelundikana chini ya bahari, na chakula kilichomo kingefungwa humo. Lakini bahari haikujaa mwani mfu, kwa sababu viko vijidudu vya kuufungua.

Kimoja kinachojulikana vizuri kinatoka Roscoff, mji mdogo wa pwani ya Bretagne, nchi ya Ufaransa. Huko, tangu mwaka 1872, ipo nyumba ya wajuzi wanaochungua viumbe vya baharini. Juu ya mwani mwekundu wa mahali hapo walipata kijidudu cha rangi ya manjano, na mwaka 2001 kikapewa jina Zobellia galactanivorans. Neno la kwanza ni kumbukumbu la Claude ZoBell, Mmarekani aliyetumia maisha yake kuvichungua vijidudu vya bahari. Katika neno la pili, anayejua Kilatini atasikia vorare, maana yake kula kwa pupa. Galaktani ni ute wa mwani mwekundu.

Zobellia hana kinywa. Uzi wa ushanga ni mkubwa mno, hawezi kuumeza. Basi hutoa vimeng'enya vyake nje. Vingine huviachilia majini, vingine hubaki vimeshikamana na ngozi yake. Kimoja hubandua ile salfa iliyo juu ya sukari. Kingine hukata uzi katikati. Vingine hukata vipande viwe vifupi zaidi, ndipo Zobellia huvivuta ndani na kuvimaliza humo. Kazi hii huenda kwa utaratibu: kufuli ya juu isipotolewa, ufunguo wa pili haupati mahali pa kuingia. Wako pia majirani wasio na funguo, ambao hukaa karibu tu na kuokota makombo yanayopotea majini. Hata katika kijiji watu wa namna hiyo hawakosekani.

Wajuzi wa Roscoff walipokuwa wakichungua vimeng'enya vya Zobellia, waliona viwili wasivyovijua. Havikukata agari. Walijaribu ute huu na huu, mwisho wakaona kwamba hukata ute wa mwani mwekundu mwembamba, ule ambao Wajapani huukausha kama karatasi na kuviringia wali. Wajapani huuita nori. Ute wake huitwa pofirani, kwa hiyo ufunguo wake ukaitwa pofiranazi. Jan-Hendrik Hehemann, Mirjam Czjzek, Gurvan Michel na wenzao walitangaza habari hiyo mwaka 2010.

Lakini habari yenyewe haikuishia hapo. Kila kiumbe hubeba ndani yake maandishi ya urithi, yaitwayo jeni, yanayomwelekeza namna ya kutengeneza vimeng'enya vyake. Wajuzi wamekwisha kuyasoma maandishi ya vijidudu vingi na kuyaweka pamoja, kama vitabu katika maktaba. Watu wa Roscoff wakatafuta humo: nani mwingine ana ufunguo wa nori? Wakapata vijidudu kadhaa, vyote vya baharini, isipokuwa kimoja. Hicho kimoja, Bacteroides plebeius, hakikukaa baharini hata kidogo. Kilikuwa kimetolewa katika matumbo ya watu wa Japani.

Walistaajabu. Wakalinganisha vijidudu vya matumbo ya Wajapani 13 na vya watu 18 wa Amerika ya Kaskazini. Kwa Wajapani kadhaa ufunguo ulionekana. Kwa wale wa Amerika haukuonekana hata kwa mmoja.

Umefikaje tumboni? Wajapani wamekula mwani tangu zamani sana. Katika karne ya 8 sheria yao iliruhusu watu walipe kodi kwa mwani. Zamani waliula bila kuuchoma, na juu ya mwani mbichi vijidudu vya bahari hukaa siku zote. Basi viliingia tumboni pamoja na chakula. Huko havikuweza kukaa sana, maana si kwao. Lakini kabla ya kufa, vingine viliwapa vijidudu vya tumboni sehemu ya maandishi yao. Vijidudu vina desturi hiyo ya kupeana maandishi, hata kama si ndugu. Ndivyo vinavyopeana pia nguvu ya kushinda dawa zetu. Kijidudu cha tumboni kilichopokea ufunguo wa nori kilipata chakula ambacho wenzake hawakuweza kukigusa, kikazaa, kikaenea.

Katika wale Wajapani 13 alikuwamo mtoto mchanga wa kike. Alikuwa bado ananyonya, wala hajaonja nori maishani mwake. Ufunguo ulikuwamo tumboni mwake, kama ulivyokuwamo tumboni mwa mama yake. Baadaye, wajuzi walipopima watu wengi zaidi, waliona funguo za mwani hata kwa watu wachache wa nchi nyingine, lakini hasa kwa wale wa Asia ya mashariki.

Mtu anaweza kusema: haya yote ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Sivyo. Katika Unguja, kisiwa cha Waswahili, watu walianza kulima mwani kwa biashara mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni akina mama. Maji yanapokupwa, huingia baharini mpaka magotini, hupiga vigingi katika mchanga, hutandaza kamba, na juu ya kamba hufunga vipande vya mwani mmoja mmoja. Baada ya wiki kadhaa huvuna na kuanika. Mwani huo husafirishwa ng'ambo, hutolewa karagini, na karagini hutiwa katika maziwa na katika dawa ya meno ili iwe nzito. Fedha yake imesomesha watoto wengi.

Mwani wenye afya hujikinga na vijidudu. Lakini maji ya pwani yakipata joto kupita kiasi, hudhoofika. Matawi yake hupauka, huwa meupe kama barafu. Ndipo vijidudu vyenye funguo hupata nafasi, huyalainisha, yakakatika na kuchukuliwa na maji. Mama aliyefanya kazi majini muda mrefu hukuta kamba tupu. Kwa sababu hii wengine sasa hujaribu kulima katika maji yenye kina zaidi, penye baridi. Lakini huko lazima kujua kuogelea au kuwa na mtumbwi, na si wote walio navyo.

Huko Bretagne shida ni ya namna nyingine: mwani umezidi. Mbolea na samadi za mashamba huchukuliwa na mito mpaka baharini, na mwani wa kijani huishiba na kuota kupita kiasi. Mawimbi huutupa pwani, chungu kwa chungu. Juu hukauka na kufanya ganda; chini yake hakuna hewa. Hapo hufanya kazi vijidudu vya namna nyingine, visivyohitaji hewa, navyo hutoa gesi yenye harufu ya mayai mabovu. Gesi hiyo ni sumu. Mwaka 2009, katika pwani ya Saint-Michel-en-Grève, farasi alikanyaga mwani uliooza, akafa. Mtu aliyekuwa naye alizimia, akaokolewa na watu waliokuwa karibu. Mwaka 2011 nguruwe wa mwitu 36 walikutwa wamekufa pwani ya upande huohuo.

Mwani huo mbaya una ulvani ndani yake, na ulvani ni sukari. Wajuzi wa Ujerumani, Ufaransa na Austria wakajiuliza kama mali hiyo haiwezi kuokolewa kabla haijaoza. Wakachukua kijidudu kingine cha bahari, Formosa agariphila, wakachungua jinsi kinavyokula ulvani, hatua kwa hatua. Mwaka 2019 walitangaza kwamba kazi hiyo inataka vimeng'enya 12, kila kimoja kwa zamu yake. Mwisho wa zamu zote, sukari huwa zimeachana, nazo zaweza kuchachushwa kama mama anavyochachusha mtama wenye kimea.

Hayo yamefanyika katika chupa ndogo za wajuzi. Pwani ya Bretagne kazi bado ni ya matrakta. Huja na majembe mapana kuuzoa mwani uliotupwa na maji, nao madereva hufanya haraka, kabla haujaanza kunuka.